Besi wa Julai na bondo lililojaa

Kila Julai ni yale yale. Jumatatu asubuhi, wikendi ya mashindano ya uvuvi ikishapita, zunguka kwenye vihori, yaani vighuba, vya mabwawa ya milima ya Ozark, kule Missouri na Arkansas nchini Marekani, uwaone besi, samaki wa maji baridi wanaopendwa na wavuvi, wanavyoelea ubavu. Tumbo limejaa, macho yametoka, mkia bado unapiga maji polepole. Aliyemvua samaki huyo alimwachia kwa moyo safi, akampiga picha, akaandika kwamba amemrudisha nyumbani. Hakufika nyumbani. Alijaribu kuzama akashindwa, akabaki juani kwenye maji ya nyuzi 29 hadi roho ikamtoka. Jambo hili linaniuma kwa sababu dawa yake inajulikana na haigharimu chochote cha maana.

Bwawa la Bull Shoals lilikamilika 1951, la Table Rock likafuata 1958, yote kwenye mto White. Ni mabonde ya milima yaliyozamishwa: kuta za mawe, ndimi za changarawe, mierezi iliyoachwa imesimama chini, na maji maangavu yanayoshuka futi 100 na zaidi. Kiangazi kikikolea maji hujipanga matabaka. Ya juu moto, ya chini baridi, na kati yake kuna mpaka ambao mara nyingi hukaa kati ya futi 25 na 35. Chini ya mpaka huo oksijeni huzidi kupungua kadiri wiki zinavyokwenda. Visamaki wanaoliwa na besi hukaa juu kidogo ya mpaka, na besi yuko nao, ananing'inia kwenye vilele vya mierezi huku chini yake kuna futi 60 za maji matupu.

Kumpata siku hizi si kazi kubwa, maana sona, chombo kinachoonyesha samaki kwa mawimbi ya sauti, inamwonyesha akigeuza kichwa. Funga ndoano namba 1 au 2 kwenye mshipi wa floriokaboni (aina ya plastiki) unaohimili ratili 6 hadi 8, acha futi moja hadi moja na nusu chini yake, malizia na chubwi la gramu 7 hadi 10. Tia funza wa plastiki wa inchi 4 au 5 kwa kumtoboa puani tu. Shusha hadi juu ya kichwa cha samaki, usimpite, kwa kuwa besi hutazama juu anapokula. Usichezeshe ufito, mtikisiko wa mkono wako unatosha. Wanaopenda usiku huburuta funza mweusi wa inchi 10 kwenye ndimi za changarawe, na alfajiri chambo cha juu ya maji bado kinafanya kazi. Na asikwambie mtu kwamba kiangazi ni msimu mbaya: besi mdomo-mdogo, moja ya aina za besi, mzito kuliko wote duniani, wa ratili 11 na aunzi 15, David Hayes alimvua Dale Hollow, mpakani mwa Tennessee na Kentucky, tarehe 9 Julai 1955.

Sasa tuje kwenye bondo, ule mfuko wa hewa tumboni unaomsaidia samaki kuelea. Wa Mwanza na Kisumu hawahitaji kuelezwa, bondo la sangara wanalijua na bei yake wanaijua. Besi naye analo, na ni la aina ile ile, limefungwa pande zote. Hawezi kulitoa hewa mdomoni kama mtu anavyocheua. Hewa huingia na kutoka kupitia damu tu, na hilo huchukua saa nyingi. Futi 33 chini, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Ukimpandisha kutoka hapo kwa dakika moja, hewa iliyo ndani inataka nafasi maradufu. Bondo linavimba, linabana moyo na ini, linasukuma tumbo la chakula hadi kinywani. Aliyezoea besi wa Naivasha, waliopelekwa huko kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, huenda hajawahi kuliona hili, kwa kuwa sehemu kubwa ya ziwa lile haina kina cha kumfikisha samaki huko.

Kwa hiyo amua ndani ya dakika ya kwanza. Samaki bora ni yule anayerudi majini papo hapo: mfungue ndoano pembeni mwa boti, mwelekeze kichwa chini, msukume kwa nguvu. Akipiga mkia na kushuka, maji yenyewe yatamgandamiza bondo lirudi kawaida. Akirudi juu na kulala ubavu, usimwache ukaondoka. Mbanie kibanio chenye uzito mdomoni, kilichofungwa kwenye kamba, mshushe taratibu hadi kina ulichomtoa, kisha mwachie. Usimpitishe chini ya ule mpaka, utakuwa umemtoa juani ukampeleka pasipo na pumzi.

Wengi humweka kwanza kwenye tangi la boti la kuwekea samaki hai, na hapo ndipo anapoumia zaidi. Hewa inaendelea kuvimba, naye anainamisha kichwa na kupiga mkia mfululizo ili asielee, hadi nguvu zinamwisha. Ukilazimika kumweka tangini, mtoboe bondo mapema ili hewa itoke. Sindano ni ya hospitali, unene namba 18, yenye urefu wa inchi moja au moja na nusu, safi na kali. Mlaze ubavu ndani ya maji. Laza pezi la ubavuni dhidi ya mwili uone ncha yake inapofika. Kisha chora kwa jicho mstari kutoka kwenye pengo la mapezi mawili ya mgongoni hadi kwenye tundu la haja. Sindano inaingia kwenye mstari huo, gamba moja au mawili nyuma ya ncha ya pezi. Ipitishe chini ya gamba, usilitoboe gamba lenyewe, sukuma polepole hadi uone vipovu. Viache vitoke vyenyewe. Usimbane tumbo, usivute kwa bomba. Akianza kujisimamisha wima, chomoa, hata kama hewa kidogo imebaki. Kisipotoka kipovu, huenda nyama imeziba sindano, izibue kwa waya mwembamba. Ikitoka damu, acha.

Na tafadhali, hicho kinundu cha waridi kinachochungulia kooni si bondo. Ni tumbo lake la chakula. Anayelichoma hilo anamuua samaki huku akidhani anamtibu, na nimeandika makala hii zaidi kwa ajili ya huyo.

Kuhusu tangi: pampu isizimwe hata dakika tano. Maji ya nyuzi 30 hayabebi hata miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 15 hubeba takriban 10. Weka chupa za maji zilizogandishwa, zikiwa na vifuniko, ili klorini ya bomba isiingie. Usishushe joto zaidi ya nyuzi 5 chini ya lile la bwawa.

Nakubali, sindano si kitu cha kumpa kila mtu. Mkono usiojua hutoboa figo au utumbo, na wapo wataalamu wanaosema bora isiguswe kabisa. Sawa. Basi asiyeijua asivue kwenye kina kinachozidi futi 25 halafu akajiita mwachiaji. Na kama umeshavua, samaki ana urefu unaoruhusiwa na hujavuka idadi ya siku, mpeleke jikoni. Sisi tunaojua samaki ni kitoweo hatuna haja ya kuona aibu: besi wa maji ya kina, akikaangwa na ndimu na chumvi, ameheshimiwa kuliko yule anayeoza kwenye kihori.

Waandaaji wa mashindano nao wana jambo lao. Julai na Agosti, samaki apimwe ndani ya boti na kuachiwa pale pale alipovuliwa; yapo mashindano yanayofanya hivyo tayari. Wakishindwa, wayahamishie usiku, samaki wapande kina kidogo, na pale kwenye mzani awepo mtu mwenye sindano anayejua ncha ya pezi inafika wapi, kabla mfuko wa kwanza wa samaki haujafunguliwa.