Usimpime kwa pesa za korosho, mpime kwa usingizi

Minada ya korosho ikishafunguliwa Oktoba na malipo yakaanza kuingia benki, Tandahimba na Newala, mkoani Mtwara, hubadilika sura. Bati zinanunuliwa, pikipiki mpya zinapigiwa honi, mahari iliyokwama inamaliziwa. Katika vurumai hiyo mwenye haipomania, yaani kipindi cha ugonjwa ambacho moyo na nguvu hupanda kupita kawaida yake, haonekani: anatumia kama jirani yake, anacheka kama jirani yake, anapanga makubwa kama jirani yake. Kwa hiyo wanaoanza na swali la “katumia shilingi ngapi?” naona wanaanzia pabaya. Ulizeni kwanza analala muda gani, na akiamka yukoje.

Mtu aliyekosa usingizi kwa mawazo anautafuta, anageuka kitandani mpaka adhana ya alfajiri, na mchana amechoka. Mwenye haipomania hautafuti. Analala kwa muda wa saa 3 tu, anaamka ana nguvu tele, anafagia uwanja kungali giza na kumpigia simu shemeji yake amweleze mradi wa ghala. Huyo wa pili ndiye wa kuangaliwa, hata kama hajatumia hata senti.

Kwa mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013, haipomania ni furaha au hasira iliyopita kawaida ya mtu mwenyewe, pamoja na nguvu kuongezeka, kwa siku 4 mfululizo au zaidi. Juu yake ziwepo dalili 3 kati ya 7: kujiona mkubwa, kutohitaji usingizi, kusema sana, mawazo kukimbizana, kuvutwa na kila kitu, shughuli kuzidi, na kujitosa kwenye mambo ya hatari kama ngono ovyo au biashara zisizo na mahesabu. Ikiwa ni hasira tu bila furaha, zinatakiwa 4. Watu wanaomzunguka wanaona amebadilika, ila kazi zinaendelea. Mambo yakiharibika vibaya kwa wiki nzima, hiyo ni mania. Akihitaji kulazwa, au akianza kusikia sauti zisizokuwepo, ni mania bila kungoja siku 7 zitimie. Kumbuka kwamba haipomania nayo inaweza kuzidi wiki; usihesabu siku ukasahau kutazama madhara.

Maneno ya mtaani hayana ngazi hizi. Leo mtu ni mchangamfu, kesho ni chizi, katikati hakuna kitu. “Kichaa” anaitwa mwenye saikosisi (aliyepotewa na uhalisia, anayesikia au kuamini yasiyokuwepo), anaitwa mwenye kifafa, anaitwa hata mgonjwa wa malaria iliyopanda kichwani, na hapo neno linaweza kuua, kwa sababu homa pamoja na kuchanganyikiwa ni dharura ya kupima damu usiku huohuo. Anayepandisha mashetani kwa kawaida hupandisha kwa muda, ngoma ikiisha akarudi alivyokuwa. Haipomania haingoji ngoma wala haishuki nayo. Na vijana wanaosema “leo nina baipola”, yaani ugonjwa wa moyo kupanda na kushuka kwa vipindi, kwa kuwa asubuhi walinuna na jioni wakacheka, hiyo ni siku tu kama siku nyingine.

Baipola aina ya kwanza ni ile ambayo mania imetokea angalau mara moja. Aina ya pili ni haipomania pamoja na vipindi vya sonona, yaani wiki 2 au zaidi za huzuni nzito au kukosa hamu ya chochote. Huyu wa aina ya pili huenda hospitali akiwa chini, ni nadra kwenda akiwa juu. Anafika Ligula, Sokoine au Ndanda, anasema hana nguvu, na asipoulizwa kuhusu zile siku alizokuwa halali anaweza kuandikiwa amitriptilini peke yake. Dawa za sonona bila dawa ya kutuliza mihemko zinaweza kumrusha mpaka mania. Kwa hiyo anayemsindikiza ndiye aseme: “Daktari, miezi kadhaa nyuma alikuwa hivi na hivi, halali na hachoki.”

Dawa hizo za kutuliza mihemko nazo zina masharti. Lithiamu hupimwa kwenye damu, zikipita saa 12 tangu dozi ya mwisho. Wengi hulengwa kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita, na ikizidi 1.5 ni sumu. Kuharisha, jasho jingi shambani bila maji, na diklofenaki ya duka la dawa vyote huipandisha. Mikono ikitetemeka sana, mtu akitapika na kuyumba, asimeze dozi inayofuata, aende hospitali. Kabla ya kuianza, uliza kipimo hicho kinafanyika wapi. Valproeti haimfai mwanamke anayeweza kushika mimba, kwa madhara yake kwa mtoto. Kabamazepini hudhoofisha vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango.

Nyumbani, daftari la kurasa 40 linatosha. Kila asubuhi andika amelala kwa saa ngapi, hali ya moyo kutoka -3 (chini kabisa) hadi +3 (juu kabisa), na dawa kama imemezwa. Usiku 2 mfululizo chini ya saa 5 bila uchovu: piga simu kliniki. Msingoje siku ya 4. Hapohapo punguzeni wageni, ondoeni kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, taa na simu zizimwe mapema. Mikesha ya unyago na safari za usiku za basi aziruke, maana kukosa usingizi ni chanzo cha kipindi kipya, si dalili peke yake.

Na kadi ya benki? Makubaliano ya nani aishike yafanywe akiwa mzima, kwa kauli yake mwenyewe, kabla ya mnada wa kwanza. Ukimnyang'anya akiwa juu utapata ugomvi, na pengine utakosa na kadi.