Zamu ya mama na zamu ya kompyuta

Katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja nilikofanya kazi, karatasi ya zamu ilibandikwa kila Alkhamisi kando ya mlango wa jikoni. Aliyeipanga alikuwa mama wa makamo, na haikupita wiki bila manung'uniko: "Bi Mkubwa ana watu wake," "leo kaamka vibaya." Mwanamme aliyemtangulia alitupanga usiku mfululizo, tukasema ana msimamo. Kisha ikaletwa programu, zamu zikawa zinaingia kwenye simu. Zilikuwa ngumu vilevile, lakini sikusikia mtu akisema kompyuta ina watu wake.

Wapo wanaoona hapo ndipo penye nafuu: mashine si mke si mume, amri yake hupimwa kama ilivyo. Hoja hiyo siibezi. Tangu Machi 2021 rais wa nchi ni mwanamke mzaliwa wa Unguja, na bado pale mlangoni pa jikoni mama alihukumiwa kwa jinsia yake.

Lakini mashine ikipewa jina la kike itakuwaje? Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la darasa la mtandaoni. Walimu wawili, mmoja mwanamke na mwengine mwanamme, walibadilishana majina kwa baadhi ya makundi, wanafunzi wasijue. Kazi zilirejeshwa kwa wakati uleule, ila aliyedhaniwa mwanamme alipewa na wanafunzi alama za juu zaidi kwa wepesi wa kuzirejesha. Wanafunzi walikuwa 43 tu, wachache kwa kujenga hukumu, lakini mimi naiona karatasi yetu ya zamu mle ndani.

Na mashine nayo imesomeshwa na sisi. Mwaka 2018 iliripotiwa kwamba Amazon, kampuni ya Marekani ya kuuza bidhaa mtandaoni, iliiacha programu yake ya kuchuja waombaji kazi. Ilifunzwa kwa maombi ya miaka kumi, mengi ya wanaume, ikajifunza kuwashusha wanawake. Upendeleo wa namna hiyo ni mbaya kuliko wa msimamizi, kwa kuwa hauna uso wa kuulizwa.

Hilo la kuulizwa ndilo linalonielemeza upande mmoja. Mwenzetu alilaziwa mtoto, akaomba kubadilishiwa zamu kwenye simu. Jibu lilikuja zamu imeshapita. Mama angechukua kalamu palepale. Kwa hiyo naona programu ihesabu saa na siku za mapumziko, lakini anayeamua awe mtu, na jina lake liandikwe chini ya karatasi, hata likiwa la mwanamke na likavuta maneno.

Nami nilikuwa miongoni mwa walionung'unika. Siku moja nilipanga foleni ya chai, nikaitazama karatasi kwa karibu. Kwenye zamu ya usiku wa sikukuu pili, jina la dada mmoja mwenye mtoto mchanga lilikuwa limekatwa kwa wino wa buluu. Juu yake mama alikuwa ameandika jina lake mwenyewe.