Laptop ikilala haiamki

Hivi jamani ni mimi tu au? Nafunga mfuniko wa laptop yangu ya Linux nikapokee mtungi wa gesi hapo nje, dakika tano tu, narudi nafungua skrini nyeusi tii, feni inavuma, Caps Lock nabonyeza wee taa yake haiwaki. Imekufa macho wazi. Na nilikuwa na ripoti kurasa tatu sijasevu!! Basi nabana batani ya pawa mpaka izime, roho inauma.

Ikiwaka naingia journalctl -b -1 (kumbukumbu za mfumo za kabla sijaizima) nione kilichotokea, mstari wa mwisho unasema inaenda kulala kwa staili ya deep, yaani usingizi mzito, halafu kimya, yaani imeaga vizuri kabisa ikajiendea zake. Nikaweka mem_sleep_default=s2idle (ilale usingizi mwepesi) kwenye GRUB, ile programu inayoanzisha Linux, nikapiga update-grub ishike, kweli sasa inaamka, ila betri jamani, naiacha 80% usiku asubuhi naikuta 30 na begi la moto kama nimebeba chapati.

Halafu kuna jamaa ananiambia "si uwe unaizima tu kabisa". Asante sana kaka, sikuwa nimewaza hilo.