Tambi Hazisubiri Mishikaki

Mlo wa mchana katika viduka vidogo vya Kichina vinavyouza tambi za kuvuta na mishikaki ya kondoo huharibikia kaunta, kabla hata chakula hakijapikwa. Mteja anaagiza vyote kwa mkupuo. Bakuli la tambi linatoka baada ya dakika 3 au 4. Mishikaki inachukua dakika 10, na zaidi kama mkaa haujashika vizuri. Akiisubiri mishikaki, tambi zinavimba ndani ya supu na kukatikakatika. Akizimaliza tambi, mishikaki inamkuta ameshiba maji. Msimamo wangu ni kwamba mishikaki itangulie, iwe michache, na tambi ziingie kwenye maji ya moto pale tu mishikaki inapotua mezani.

Hili si gumu kulipanga. Katika maduka mengi ya tambi za Lanzhou, mji mkuu wa jimbo la Gansu, unalipa kwanza, unapewa tiketi, kisha unaipeleka mwenyewe kwenye dirisha la jikoni na kutaja unene wa tambi unaoutaka. Lipia vyote, lakini tiketi ya tambi kaa nayo mfukoni. Siku hizi maduka mengi yana msimbo mezani wa kuagizia kwa simu, na hapo ukibonyeza tu, oda imeshafika jikoni. Basi tuma oda mbili: mishikaki sasa, tambi baadaye.

Haraka yote hii inatokana na namna tambi zenyewe zinavyotengenezwa. Kilo 1 ya unga wa ngano wenye protini nyingi hukandwa kwa gramu 500 hadi 550 za maji, chumvi gramu 10 hivi, na magadi kidogo yaliyoyeyushwa. Zamani magadi hayo yalipatikana kwa kuchoma mmea wa nyikani na kukusanya majivu yake. Leo hutumika poda iliyosafishwa, ambayo sehemu yake kubwa ni potasiamu kaboneti. Magadi huikaza gluteni, ile protini ya ngano inayovutika, huipa tambi rangi ya manjano hafifu na kuifanya ivutike bila kukatika. Yakizidi, tambi zinanuka kama sabuni. Yasipochanganyika vizuri, donge linavutika upande mmoja na kuchanika upande wa pili.

Donge likishakandwa hupumzishwa nusu saa au zaidi. Mpishi akiliruka hilo, gluteni bado imejikunja na tambi zinarudi nyuma kila anapovuta. Baada ya hapo ni hesabu tupu: kila anapokunja na kuvuta, idadi ya nyuzi huongezeka maradufu. Akianza na mkanda 1, mikunjo 7 inampa nyuzi 128, na wa 8 unampa 256. Tambi nyembamba kabisa hupitishwa kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika tu, tena kwa muda mfupi zaidi kama mpishi ana mkono mwepesi. Kitu kinachoiva kwa kasi hiyo huendelea kuiva ndani ya bakuli, na baada ya dakika 5 hivi umebaki na uji.

Kwa hiyo anayekula mishikaki pamoja na tambi asiagize zile nyembamba kama unywele, hata kama ndizo anazopenda kupiga picha. Achague za wastani, au zile bapa zenye upana wa jani la kitunguu. Hizo zinavumilia kidogo. Bapa pana kama mkanda wa suruali zinavumilia zaidi, ila supu haizishiki, na unajikuta unatafuna unga.

Supu ndiyo inayopambanua duka zuri na duka la kupita tu. Mifupa ya ng'ombe hulowekwa saa kadhaa katika maji baridi ili damu itoke, halafu huchemshwa polepole kwa saa nyingi pamoja na nyama, tangawizi na viungo. Yale maji ya damu hayamwagwi: humiminwa tena ndani ya sufuria, protini zake zinaganda na kubeba uchafu juu, unaopakuliwa kwa upawa. Moto ukiwa mkali supu inatokota kwa fujo, mafuta yanachanganyika na maji, na matokeo yake ni supu ya mawingu. Sifa za bakuli hili wanazozitaja watu wa Lanzhou wenyewe ni 5: supu angavu, figili nyeupe, mafuta mekundu ya pilipili, majani mabichi ya giligilani na ya kitunguu saumu, na tambi za manjano. Ukiangalia katikati ya mafuta ya pilipili na usione vipande vya figili vilivyo chini yake, hapo kuna mtu aliyekuwa na haraka na moto.

Onja supu kabla hujagusa siki. Nasema hivyo kwa sababu wengi humimina siki na pilipili kwa mazoea, kisha wanalalamika kwamba maduka yote yana ladha moja. Siki kijiko 1, tena ukifika nusu ya bakuli, inatosha.

Nyama ndani ya bakuli? Vipande vidogo vidogo, vya kuhesabika. Ndivyo bakuli lilivyo, wala si ujanja wa mwenye duka. Nyama ya ziada na yai lililochemshwa kwa viungo hulipiwa mbali. Na hapa ndipo mishikaki inapopata kazi ya kufanya saa ya mchana: kujaza pengo hilo. Mishikaki 4 au 5 ile midogo kwa mtu 1 inatosha. Ile mikubwa ya mtindo wa Xinjiang, eneo la kaskazini-magharibi mwa China, inayotungwa kwenye vijiti vya tamariski, mti wa jangwani wenye gome jekundu, 2 tu.

Kabla ya kuiagiza uliza kama mkaa umewashwa. Mishikaki ni biashara ya jioni, na mchana baadhi ya maduka hupasha moto iliyochomwa mapema. Jingine ni jiko la umeme, ambalo limeenea kwa kuwa miji mingi ya China inabana uchomaji wa mkaa barabarani. Jiko la umeme haliui mtu, lakini mafuta ya mkia wa kondoo yakidondokea kwenye kaa la moto ndipo ule moshi unaoipa nyama harufu unapozaliwa, na bila kaa hakuna moshi. Jibu likiwa hapana, chukua sahani ya nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vyembamba, mambo yaishe.

Mkaa ukiwepo, mtazame mchomaji. Vipande viwe vya sentimita 2 hivi, na kati ya nyama kuwe na kipande cha mafuta. Chumvi na pilipili hutangulia, bizari nyembamba hunyunyizwa mwishoni kabisa, ikiwa imepondwa kiasi tu. Akiitia mapema inaungua na kuwa chungu, na hakuna pilipili itakayouficha uchungu huo. Moto ukiruka, anainua mishikaki na kupepea. Akiuacha, unakula masizi.

Nyama ikiwa laini mno, haina nyuzi, inateleza kama soseji, iache. Mei 2013 Wizara ya Usalama wa Umma ya China ilitangaza kukamatwa kwa watu waliouza nyama ya mbweha, minki (mnyama mdogo anayefugwa kwa manyoya yake) na panya kwa jina la kondoo, kwa hiyo mashaka hayo hayakuanza leo. Anayefuata halali atafute alama yake, mara nyingi ya kijani na yenye maandishi ya Kiarabu, lakini asiishie kwenye kibao cha duka la tambi: jiko la nje huenda lina mwenyewe mwingine.

Mishikaki ikifika, kula palepale. Mafuta ya kondoo huganda yakiwa bado vuguvugu na kukwama kwenye kaakaa, na soda baridi inazidisha balaa. Chai ya moto ndiyo mwenzake. Sasa peleka ile tiketi dirishani. Vijiti vitupu usivitupe chini ya meza, kwa maana pale ambapo mishikaki hulipiwa mwishoni, mhudumu huja kuvihesabu, na ugomvi wa vijiti 2 vilivyopotea huwa mrefu kuliko mlo wenyewe.