Antena na mfupa uliovunjika: tunaitetea kwa hoja isiyo yake

Wazo la kutumia antena kutafuta mfupa uliovunjika likitajwa, watetezi wake hukimbilia usalama: mawimbi ya redio ambayo antena huyapitisha mwilini hayana mionzi ya kudhuru chembe za mwili, eksirei inayo. Kweli, ila hoja hiyo inawaponza. Eksirei moja ya kifundo cha mkono ni takriban milisiveti 0.001 (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), kiasi ambacho sote tunakipata kwa saa tatu nne za kuishi tu, kutoka kwenye miamba, hewa na anga. Mtaalamu wa radiolojia akisikia antena inanadiwa hivyo, hutabasamu na kuendelea na kazi yake.

Halafu anauliza swali gumu: ufa utauonaje? Kwenye gigahezi 2.45, masafa yale yale ya waifai, wimbi likishaingia kwenye msuli lina urefu wa karibu sentimita 1.7. Ufa mara nyingi haufiki hata milimita moja. Ni kama kupapasa uzi ukiwa umevaa glavu za ndondi.

Nadhani hapo ndipo antena inaposomwa vibaya. Haikuja kupiga picha. Thamani ya daielektriki, yaani kipimo cha namna kitu kinavyochelewesha wimbi, ni karibu 11 kwa mfupa mgumu. Kwa damu inazidi 55. Na mfupa ukipasuka, pengo halikai tupu, damu huingia. Antena haina haja ya kuona umbo la ufa; inatosha ihisi kwamba njia ya wimbi si ile tena. Mtu kaangukia mkono wa kulia: unaweka antena mbili ndogo, moja kila upande wa kifundo, unapima. Unafanya vivyo hivyo kwa mkono wa kushoto, ulio mzima. Mistari miwili kwenye skrini ikiachana, kuna jambo.

Hilo “kuna jambo” si jibu dogo. Skafoidi, kile kijifupa cha kifundo upande wa kidole gumba, kinaweza kuvunjika na eksirei ya siku ya kwanza isioneshe kitu. Basi mgonjwa hufungwa plasta kwa wasiwasi tu, arudi baada ya siku 10 hadi 14. Wengi wakirudi huambiwa hapakuvunjika chochote. Wiki mbili za kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, bure! Na hao angalau wana mashine ya kurudia. Shirika la Afya Duniani lilishakadiria kwamba theluthi mbili ya watu duniani hawafikiwi na vipimo vya picha. Kwao antena haishindani na eksirei. Inashindana na kidole cha mhudumu kinachobonyeza palipovimba na kuuliza, “Hapa?”

Pingamizi linaloniumiza kichwa ni jingine: uvimbe. Kifundo kilichoteguka tu, mfupa ukiwa salama, nacho hujaa damu na maji, na antena haijui maji hayo yako ndani ya mfupa au nje yake. Kina nacho kinasumbua. Sentimita mbili za msuli humeza zaidi ya robo tatu ya nguvu ya wimbi, kwa hiyo paja na nyonga tuyaache kwanza. Majaribio mengi yamefanywa kwa viungo vya kuigiza vya maabara na mifupa ya wanyama, ambayo haivimbi.

Ningekuwa naamua mimi, ningeanza na muundi, ambao kwa mbele umefunikwa na ngozi tu, na ningeanza na mgonjwa ambaye eksirei imeshathibitisha kavunjika. Apimwe kwa antena kila wiki, alinganishwe na vipimo vyake mwenyewe vya wiki zilizopita. Uvimbe utakuwa umeshashuka, na swali litabaki moja: pengo linajaa mfupa, au bado ni majimaji?