Mtaro hauzibuki kwa kuvuta pumzi

Kuna ushauri ambao kila mkazi wa Dar mwenye mawazo ameshapewa: usiwaze sana, utapata presha. Anayeutoa ana nia njema. Lakini jaribu kumpa mtu wa Jangwani, Kigogo au Tabata Kisiwani usiku wa Aprili, mvua inapiga mabati, halafu uone atakavyokutazama. Huyo hana habari na dunia ya mwaka 2100. Anaogopa saa nane ya usiku huu huu, maana anajua maji yakipanda yanaanzia chooni, yanakuja jikoni, kisha yanafika chini ya kitanda cha watoto.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nilikuwa hivyo kabla sijapanga karibu na mkondo unaomwaga maji yake Msimbazi, na naamini hata nikihamia mlimani Mbezi nitahama nao. Moyo unakwenda mbio bila sababu, vidole vinakufa ganzi, usingizi unakatika saa tisa na haurudi. Kwa muda mrefu nimesikiliza watu wakizungumzia hofu ya mazingira, redioni na kwenye semina, na kila mara naona kuna kitu kinachanganywa. Wengi wetu jijini humu tunabeba wasiwasi wa aina mbili tukidhani ni mmoja. Upo unaotokana na mtaro ulioziba, na upo unaotokana na mwili ulioshindwa kutulia hata mvua ikiwa imekatika. Kisha tunabadilisha dawa: wa kwanza tunautibu kwa pumzi ndefu, wa pili tunautibu kwa koleo.

Huo wa kwanza una haki yake. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji na kuingia baharini pale daraja la Salenda, na njiani unapokea kila tulichotupa. Desemba 2011, zaidi ya watu 40 walikufa jijini kwa mvua za siku chache ambazo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema hazijawahi kuonekana tangu 1954. Waliookolewa mabondeni wakapelekwa Mabwepande, pembezoni kabisa mwa jiji. Wengine walirudi, na hadi leo wanasimangwa kwa kurudi: kwa nini hawahami? Anayeuliza hivyo huwa ana usafiri wake. Ukiwa unabeba mizigo Kariakoo au unauza maandazi alfajiri Magomeni, nauli ya kutoka Mabwepande kila siku inakula mtaji, na biashara yenyewe inataka uwepo kabla jua halijatoka. Aliyerudi alikuwa ameshapiga hesabu ya njaa na hesabu ya mafuriko, akaona njaa inakuja kila siku.

Baada ya hapo maji yameendelea kuja: 2018, 2019, 2020, na mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023. Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa nchini kwa mvua za msimu huo. Sasa mtu aliyeyaona haya kwa macho, akisikia ngurumo na tumbo likamkata, huyo haumwi. Kichwa chake kinafanya kazi iliyokiweka hapo.

Nina jirani, fundi cherehani, mama wa makamo. Tangazo la mvua kubwa likitoka, hasubiri mtu. Friji inapandishwa juu ya matofali. Cherehani inakwenda mezani, godoro linakunjwa na kupachikwa juu ya kabati, vitambaa vya wateja vinaingia kwenye kiroba na kufungwa kamba. Mwisho kabisa anachukua vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki na risiti ya kodi, anavifunga kwenye nailoni mara mbili na kuvitundika kwenye msumari karibu na dari. Anaosha mikono, anakaa kizingitini na simu yake. Siku moja nilimuuliza, "Mama, wewe huogopi?" Akacheka. "Naogopa, mwanangu. Ningekuwa siogopi, vyeti vingekuwa bado kwenye droo."

Ukimpelekea mama huyu somo la kutuliza akili utamchelewesha tu. Hofu yake imeshageuka kazi, na kazi imeisha. Anachohitaji kwangu na kwako ni mtaro upitishe maji.

Na mtaro wenyewe tuuseme ulivyo. Ule wa kwetu, ukifukuliwa kabla ya masika, unatoa chupa za maji zisizo na idadi, pampasi zilizovimba, nywele za bandia, viatu vya upande mmoja, vifuko vya nailoni, na mchanga mweusi unaonuka hadi unahisi ladha yake mdomoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na kweli ile ya rambo ilitoweka. Hata mimi niliyedhani marufuku ile itafia njiani niliona aibu kidogo. Lakini chupa hazikuguswa, vifungashio vyembamba vimerudi kwa mlango wa nyuma, na gari la taka likikosa kuja wiki mbili, mtu mwenye chumba kimoja atauweka wapi mzigo ule? Anasubiri mvua, anaumwaga. Hasira yangu kwa jirani wa namna hiyo ipo, siifichi. Ila nikimaliza kukasirika naona pia kwamba mwenye nyumba anayekusanya kodi ya miezi sita mbele hajawahi kuweka hata pipa moja uani.

Ndiyo maana wasiwasi wa aina hii nautaka uende ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa, tena uende ukiwa na watu nyuma yake. Hapa jijini tuna mfano wa zamani ambao vijana wengi hawaujui. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, wamechoka na moshi na harufu ya dampo lililokuwa katikati ya makazi yao, waliishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu, na mahakama ikawapa haki. Halmashauri iliendelea kuomba muda baada ya hukumu, na kesi ile haikuusafisha mji mzima. Lakini watu wale walikuwa na kero iliyokuwa inawanyima usingizi, wakaipeleka mahali penye masikio. Sidhani kama mtu aliwaambia wasiwaze sana.

Kabla sijafika kwenye wasiwasi wa pili, kuna mzigo mmoja nataka tuutue, nao ni hatia. Mwaka 2021 jarida la kitabibu la The Lancet Planetary Health lilitoa utafiti uliohoji vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10. Karibu asilimia 60 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno juu ya tabianchi, na zaidi ya asilimia 45 walisema unawavurugia maisha ya kila siku. Afrika iliwakilishwa na Nigeria peke yake. Maandishi mengi juu ya hofu hii yanatoka nchi ambazo kijana anajilaumu kwa kupanda ndege na kula nyama kila siku. Lawama ile sasa inahamishiwa kwa mama ntilie wa Buguruni mwenye jiko la mkaa. Afrika nzima haifikishi hata asilimia 5 ya hewa ya ukaa inayotolewa duniani. Mkaa una madhara yake, tena makubwa. Umekula misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, na moshi wake unawaingia kwanza hao hao wanaopika. Serikali imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mimi naliunga mkono. Lakini mama ntilie anahitaji mtungi wa gesi unaojazika kwa bei ya kununua kidogo kidogo, maana mkaa anaununua kwa kopo. Kumwongezea majuto hakupunguzi mti hata mmoja kukatwa. Kimbunga hakikutoka jikoni kwake.

Haya, sasa huo wa pili.

Huu unajulikana kwa tabia moja: hautaki kitu chochote kutoka kwako. Hauna koleo la kushika wala namba ya kupiga. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakaribia, boti za Zanzibar zilisitisha safari na simu zetu zikajaa video. Nyingi zilikuwa za nchi nyingine, nyingine za miaka ya nyuma, zimepachikwa sauti ya mtu anayelia. Kimbunga kiliingilia Mafia. Huko Kusini barabara ilikatika maeneo ya Somanga na watu wakapata shida ya kweli. Siku chache baadaye jua lilikuwa limewaka Dar, na bado nilikuwa naamka usiku kusikiliza upepo ambao haupo. Hapo hapakuwa na tahadhari tena. Palikuwa na mwili uliosahau kushuka.

Kwa mwili huo, ndiyo, pumzi ni dawa, na inafaa kujua sababu ili usidhani ni ushirikina wa kisasa. Hofu ikikupanda unahema harakaharaka. Ukihema hivyo, hewa ya kaboni kwenye damu inapungua kupita kiwango, vidole vinachomachoma, kichwa kinakuwa chepesi, kifua kinabana. Unadhani ni moyo, unaogopa zaidi, unahema zaidi. Ukitoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko ulioivuta, mapigo ya moyo yanashuka na mzunguko ule unakatika. (Kifua kikikubana kwa mara ya kwanza, nenda kwanza ukapimwe. Usijitibu kwa makala.)

Mengine ni ya kawaida na hayana utukufu. Kahawa chungu ya barazani saa mbili usiku, pamoja na utamu wa kashata na soga, inakuja kukudai saa nane. Simu ikilala chumba kingine, video nazo zinalala. Taarifa ya hali ya hewa isome kwa Mamlaka yenyewe, mara moja jioni, na ujue ngazi zake: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Mtu anayezijua ngazi hizo tatu hawezi kutishwa kirahisi na ujumbe wa sauti wa shemeji wa mtu.

Sipingi dua wala maombi. Nimeona watu wakitoka msikitini na kanisani wamenyooka mabega, na sehemu ya dawa hiyo ni kukaa na wenzako na kusema lililoko moyoni. Ninachopinga ni kiongozi wa dini anayemwambia mtu asiyelala mwezi mzima kwamba imani yake ni ndogo.

Kuna na kukwepa. Namfahamu kijana aliyeacha kupita Jangwani kabisa, hata Agosti, mto umebaki kijito na vijana wanacheza mpira pembeni. Akitoka Magomeni kwenda mjini anazungukia Salenda. Kila anapozunguka anapata nafuu ya siku moja, na woga unaongezeka kwa sababu hajaupa nafasi ya kuona kwamba Agosti Jangwani ni barabara tu. Mvua ikinyesha kwa nguvu asipite, na mimi sipiti. Kiangazi apite, na kama peke yake hawezi, aende na mtu.

Swali ninalojiuliza usiku ni jepesi: kuna kitu cha kubeba, mtu wa kumpigia, au pesa ya kuchanga? Kama kipo, naandika kwenye daftari na asubuhi nakifanya. Kama hakipo, najua niko na ule wa pili, na sianzi kupanga upya vyombo saa tisa za usiku nikijidanganya kwamba najiandaa. Haya mawili huja pamoja, sikatai. Oktoba 2022 maji ya Ruvu yalipopungua na jiji likaingia kwenye mgao, nilikuwa na dumu za kujaza kweli, na nilikuwa pia na usiku wa kuwaza kwamba mvua hazitarudi tena. Dumu zilijazwa. Huo usiku mwingine ulihitaji mtu wa kuongea naye.

Na hapo ndipo tulipo nyuma. Ukisema unakwenda kuonana na daktari wa akili, mzaha wa kwanza ni Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, hata kwa watu waliosoma. Muhimbili kuna idara nzima ya magonjwa ya akili na watu wanatibiwa wasiwasi wakarudi kazini, lakini wengi wanafika wakiwa wameshazunguka vipimo vya moyo, vya malaria na vya vidonda vya tumbo. Mafuriko yakitokea tunaletewa unga, magodoro, na matangazo ya kuchemsha maji kwa ajili ya kipindupindu. Vyote vinahitajika. Wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba baada ya maji kushuka huuliza nani anaharisha na choo kiko wapi. Wakiongeza swali la nani halali, na wakawa na jina la kituo cha kumwelekeza, kazi yao itaongezeka dakika chache kwa kila mlango. Halmashauri haihitaji kusubiri mfadhili kwa hilo. Inaweza kuanza vuli hii.