Kijana wa makachu alivyopaa Forodhani

Filamu yenyewe dakika 12, ya kumalizia mwaka wa masomo, na katika hizo 12 dakika nne nzima zilikuwa ufunguzi. Dakika nne jamani! Mlango wa Mji Mkongwe, paka, mlango mwengine, jua linachwa, paka yule yule kwa upande mwengine, af majina ya watu yanapita polepole mpaka la aliyeleta maji ya kunywa. Mwalimu akatizama, akasema neno moja tu, "fupisheni", akatoka zake kwenda kusali.

Miye ndo edita. Dairekta ni sahibu yangu wa siku nyingi na ndoto yake ni kuiona kazi yake kwenye skrini ya Ngome Kongwe wakati wa ZIFF, lile tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, lipo toka miaka ya tisini, na yeye keshajichagulia na kanzu ya siku hiyo. Sasa kila picha nikitaka kuikata ananishika mkono. "Hiyo usiiguse yakhe, hiyo niliamka alfajiri." Na mtazamaji inamhusu nini kama uliamka alfajiri? Lakini madairekta ndo walivyo, picha wanaipenda kwa taabu walioipata, siyo kwa inachosema.

Tukavutana mpaka zikabaki sekunde hamsini, na wallahi zilikuwa zinapendeza. Miguu ya mtoto wa kike inapita mchangani, kiatu kimoja tu. Anainama anakitafuta cha pili. Anainua uso, hapo hapo kata, bahari imejaa na jahazi kwa mbali, af tunarudi kwake kakaa juu ya ukuta wa Forodhani anamngoja baba yake. Hakuna aliyesema neno na unaelewa kila kitu.

Basi akaingia ami yake dairekta. Mzee mvuvi, hajaacha kuvua, ni magoti ndo yamegoma. Tukamwekea aone.

"Huyu mtoto ana nini?"

"Kapoteza kiatu ami, af anamngoja babake."

"Na hicho kiatu kakitafuta muda gani?"

"Kidogo tu ami, sekunde kumi hivi."

Mzee akavua miwani. "Hapa mchanga wote uko nje, haya ni maji ya bamvua, saa nne asubuhi. Hapa maji yamegusa ukuta, saa kumi alasiri hiyo, kama siyo kumi na moja. Mtoto kainama kutafuta kiatu maji yamekupwa, kainua kichwa yamejaa. Masaa sita kainama! Kiuno chake kizima?"

Tukaangaliana. Kweli tulipiga asubuhi tukamalizia jioni, na siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, hapa kwetu maji yanapanda karibu mita nne, siyo jambo la kufichika. Nikajaribu kupunguza mwanga, nikaongeza rangi ya asubuhi kwenye ile ya jioni, bahari haikujali, imejaa imejaa. Mtu wa Dodoma ungempitishia hiyo. Unguja hii kila barza ina mtu anayejua leo maji yanajaa saa ngapi bila ya kutizama pahala.

Kurudi kupiga upya haiwezekani, kamera ya kuazima ishakwenda harusini. Ikabidi za mchangani zote zitoke, kiatu kikatoka na hadithi yake, tubakie na maji yaliyojaa tu. Na ya maji yaliyojaa ilikuwepo moja ndefu nzuri, ila kamera inaanzia kwa mtoto ukutani inazunguka taratibu inaishia baharini, na dairekta anataka kinyume chake, bahari kwanza af mtoto. Akanambia, "Ipige rivasi."

Nikaipiga rivasi, kazi ya kubofya mara mbili. Sauti tukaitoa tukaweka mawimbi tuliyorikodi pembeni. Mtoto mwenyewe kakaa kimya tu, buibui linapepea, na buibui likipepea halina mbele wala nyuma. Kwenye laptopu, kioo chenyewe kina ufa kona ya chini, ilikaa vizuri kabisa.

Tukaionesha mtaani kwanza, kwa watu waliotusaidia. Shuka nyeupe, projekta, mikeka, kahawa. Ikaanza. Bahari, mawimbi, kimya. Halafu kwenye ile kona ya ufa, ambayo sasa ina ukubwa wa mlango, povu likajikusanya, ikatoka miguu baharini, ikafuata suruali, kichwa mwisho, kijana akapinduka hewani akatua juu ya ukuta kwa miguu yake, mkavu, af akakimbia kinyumenyume akapotea. Makachu kamili, ule mruko wa vijana wa Forodhani kutoka ukutani mpaka baharini, kasoro kaanzia mwisho. Nyuma yake moshi wa mishikaki unashuka kuingia jikoni, na mzee mmoja kwa utulivu kabisa anatoa kiazi mdomoni anakirudisha kwenye bakuli la urojo.

Kimya. Af sauti ya bi mkubwa mmoja mkeka wa mbele: "Lahaula! Mtoto wa nani huyo katapikwa na bahari?"

"Wako bibi!" watoto wakajibu kwa pamoja.

Bibi akainuka kutizama karibu, kivuli chake kikaziba nusu ya shuka. Akamtambua kwa suruali. "Si ulinambia ulikuwa chuo, unadurusu Qur-ani?" Kijana alikuwa keshafika kwenye kona ya msikiti. Filamu ikasimamishwa, siyo kwa aibu, watu wanataka irudiwe. Tukairudia mpaka kahawa ikaisha, na dakika zilizobaki za filamu hakuna aliyeziulizia.

Mwalimu alipoiona akacheka mpaka akatoa leso, af akaturudia kimwalimu, kwamba ndugu wawili Wafaransa, akina Lumière, waliwahi kuonesha ukuta ukibomolewa halafu wakaizungusha filamu kinyume ukuta ukasimama wenyewe, mwaka 1896, kwa hiyo tusijione tumevumbua. Dairekta akadakia hapo hapo, kwamba nia yake tokea mwanzo ilikuwa kuonesha wakati unarudi nyuma, mtoto anatamani baba yake arudi, bahari irudishe ilichochukua. Nilimtizama tu. Alama tulipata nzuri.

Kijana wa makachu akaja kudai. Tulimwahidi elfu mbili ya soda kwa kuonekana. Akasema sasa ni elfu nne, maana kuruka karuka, na kupaa kapaa, hizo kazi mbili. Dairekta akaanza kumueleza habari za rivasi na fremu 25 kwa sekunde, ami yake akamkata.

"Mpeni tano. Kuruka kila mtoto wa hapa anaruka."